Akiba ya Rubani: Mafunzo ya Kuruka na Hewa Nyepesi ya Nyanda za Juu

Historia ya urukaji ina jambo moja linalomshangaza kila mwanafunzi anapolisikia kwa mara ya kwanza. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Jeshi la Anga la Uingereza lilipoteza marubani wengi katika ndege ya jeti iliyoitwa Gloster Meteor. Wengi wao hawakuwa vitani. Walikuwa mafunzoni, na baadhi yao walikufa katika zoezi lililobuniwa ili liwaokoe: zoezi la kuruka kwa injini moja, baada ya injini ya pili kuzimwa kwa makusudi.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza, kwa kutumia fizikia ya shule ya sekondari, kwa nini dakika ya kwanza ya safari ya ndege ni ya hatari kiasi hicho, na kwa nini hatari hiyo yatuhusu hasa sisi tunaoishi katika nyanda za juu za kati. Neno litakaloyaongoza maelezo yetu ni *akiba*. Rubani ana akiba za aina tatu: mwendo uliozidi ule anaouhitaji, kimo kilichopo kati yake na ardhi, na nguvu ya injini ambayo bado haijatumika. Ndege iliyo mita 3,000 juu ya ardhi ikipatwa na hitilafu, rubani aweza kushuka kidogo ili apate mwendo, akafikiri, kisha akatenda. Ndege inayoruka haina kimo, mwendo wake ndio kwanza unatosha, na injini zake zimekwisha kufunguliwa hadi mwisho. Akiba zote tatu zimekaribia sifuri kwa wakati mmoja.

Hewa ya Dodoma

Mtu anayesimama kwenye vilima vya Chimwaga, penye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, haoni kwa macho kwamba hewa inayomzunguka ni nyepesi. Lakini ushahidi upo hata jikoni. Maji yanayochemka Dar es Salaam yana nyuzi 100 za Sentigredi, au pungufu kidogo sana. Ya Dodoma huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Sababu ni kanieneo ya hewa, yaani uzito wa hewa yote iliyo juu yetu inayoikandamiza kila sehemu ya uso wa dunia. Kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam kiko mita 55 tu juu ya usawa wa bahari. Cha Dodoma kiko mita 1,119. Katika hali ya kawaida kanieneo ya usawa wa bahari ni milibari 1,013, na ya Dodoma ni milibari 886 hivi. Tumekwisha kupoteza asilimia 13.

Tena joto nalo huongeza upungufu huo, kwa kuwa hewa inayopashwa moto hutanuka. Katika hali sanifu wanayoitumia wahandisi, yaani usawa wa bahari na nyuzi 15 za Sentigredi, mita moja ya ujazo ina kilo 1.225 za hewa. Alasiri ya Dodoma yenye nyuzi 30, mita hiyo hiyo ina kilo 1.02 tu. Upungufu ni asilimia 17. Kwa lugha ya marubani, ndege inayoondoka Dodoma alasiri hiyo hufanya kazi kana kwamba iko kwenye kimo cha mita 1,900 katika hali sanifu. Kiwanja kimebaki pale pale, bali kwa bawa na kwa injini kimepanda karibu mita 800.

Hewa nyepesi huipunguzia ndege mambo matatu kwa mpigo mmoja. Kwanza, kani inayoliinua bawa hutegemea msongamano wa hewa ukizidishwa kwa mraba wa mwendo. Msongamano ukipungua, sharti mwendo uongezeke. Pili, injini huvuta hewa ili ichome mafuta. Ikipata hewa kidogo hutoa nguvu kidogo, isipokuwa iwe na mtambo wa kuisindika hewa hiyo. Tatu, rafadha ya ndege hupata hewa haba ya kuisukuma nyuma, na jeti vivyo hivyo.

Kuna jambo la nne, nalo ndilo linalowahadaa wanafunzi. Kipima-kasi cha ndege hupima mgandamizo wa hewa inayoipiga ndege kwa mbele, wala hakipimi mwendo juu ya ardhi. Kikionyesha kilomita 180 kwa saa katika alasiri yetu ya Dodoma, magurudumu yenyewe yanakimbia kilomita 197 hivi. Rubani aona namba ile ile aliyoizoea Pwani, na bawa lake kweli linainua kama alivyozoea. Lakini njia ya kurukia inamkimbia chini ya miguu kwa kasi zaidi ya anavyosoma.

Hesabu ya kukimbia

Hebu tuchukue ndege ya mfano yenye injini mbili. Tungamo yake ni kilo 6,000. Injini zake kwa pamoja husukuma kwa kani ya nyutoni 15,000 katika hali sanifu, na ukinzani wa hewa na wa magurudumu wakati wa kukimbia ni wastani wa nyutoni 3,000. Ndege hii huacha ardhi kipima-kasi kinapoonyesha mita 50 kwa sekunde.

Katika usawa wa bahari kani inayobaki ni nyutoni 12,000. Ukiigawanya kwa kilo 6,000 wapata mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kwa sekunde. Umbali wa kukimbia ni mraba wa mwendo ukigawanywa kwa mara mbili ya mchapuko, yaani 2,500 kwa 4: mita 625.

Sasa tuihamishie Dodoma alasiri, tukichukulia kwamba nguvu ya injini inapungua sawasawa na hewa. Injini zatoa nyutoni 12,465. Baada ya kuondoa ukinzani zabaki 9,465, na mchapuko unakuwa mita 1.58. Mraba wa mwendo halisi unaohitajika umepanda kutoka 2,500 hadi 3,008. Umbali ni mita 950 hivi. Tazama vizuri: hewa imepungua kwa asilimia 17, lakini njia inayohitajika imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 50. Hasara mbili zimezidishana, kwa sababu mwendo unaotakiwa umekua na wakati huo huo uwezo wa kuufikia umepungua.

Ndiyo maana viwanja vya nyanda za juu huhitaji njia ndefu. Katika mpango wa kiwanja kipya cha Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, njia ya kurukia imepangiwa urefu wa mita 3,600.

Injini moja inapozimika

Turudi sasa kwenye Meteor. Ndege hii iliingia kazini mwezi Julai 1944, ikiwa jeti ya kwanza ya Mataifa Shirika kutumika katika kikosi cha vita. Baada ya vita ilitengenezwa kwa wingi, na mwaka 1948 toleo lake la viti viwili kwa ajili ya mafunzo liliruka kwa mara ya kwanza. Injini zake mbili ziliwekwa ndani ya mabawa, mbali na kiwiliwili, moja kila upande.

Injini ya kushoto ikizimika, ya kulia huendelea kusukuma, na ndege hugeuzwa kuelekea kushoto kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja. Rubani huizuia kwa kukanyaga usukani wima ulio mkiani. Lakini nguvu ya usukani huo hutoka katika hewa inayoupiga, nayo hufuata mraba wa mwendo: ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu ya usukani hubaki robo. Nguvu ya injini ya jeti, kwa upande mwingine, haipungui kiasi hicho mwendo unapokuwa mdogo. Kwa hiyo kuna mwendo fulani ambao chini yake mguu wa rubani, hata akikanyaga kwa nguvu zake zote, hauwezi kuushinda msukumo wa injini moja. Ndege hugeuka, bawa la upande uliokufa hupunguza kani yake, kisha ndege hujipindua. Ikiwa imepanda mita 60 tu, hakuna nafasi ya kuirudisha.

Meteor iliacha ardhi kabla ya kuufikia mwendo huo wa salama. Palikuwa na kipindi kifupi cha sekunde kadhaa ambacho ndani yake rubani alikuwa angani bila kinga. Na katika kipindi hicho hicho, au karibu nacho, ndipo walimu walipozima injini ili kumpima mwanafunzi. Mantiki ya zoezi ilikuwa nzuri kwenye karatasi: hitilafu ya injini wakati wa kuruka ndiyo mbaya kuliko zote, basi na tuizoee. Matokeo yake ni kwamba waliokufa katika kuiga hitilafu walikuwa wengi kuliko waliouawa na hitilafu yenyewe. Kwa jumla Jeshi la Anga la Uingereza lilipoteza Meteor zipatazo 890 na marubani wapatao 450 katika ajali za kila namna. Si wote waliokufa wakiruka kwa injini moja, lakini zoezi hilo limebaki katika historia ya mafunzo kama mfano wa dawa iliyozidi ugonjwa.

Je, nyanda za juu zingeongeza hatari hii? Jibu lina sehemu mbili, na yafaa tuzitenganishe. Katika hewa nyepesi injini iliyo hai husukuma kidogo, hivyo nayo huigeuza ndege kidogo. Kwa upande huu rubani amepata nafuu. Hasara iko katika kupanda. Turudi kwenye ndege yetu ya mfano. Uzito wake ni nyutoni 58,860. Tuseme kwamba injini moja ikifa, ukinzani wa hewa wakati wa kupanda ni nyutoni 6,600. Katika usawa wa bahari injini iliyobaki hutoa nyutoni 7,500. Ziada ni 900, na ndege hupanda mita 15 kwa kila mita 1,000 inazosafiri. Ni kidogo, lakini inapanda. Dodoma alasiri injini hiyo hiyo hutoa nyutoni 6,230 hivi, ambazo ni pungufu ya ukinzani. Ndege hushuka mita 6 kwa kila mita 1,000, hata rubani awe hodari namna gani. Ndege ile ile, injini ile ile, rubani yule yule: Pwani anarudi nyumbani, huku anatafuta shamba la mtama la kutulia.

Hili halikuwa swali la darasani tu. Baada ya vita Uingereza ilirudisha sehemu ya mafunzo ya marubani wake katika Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kwenye viwanja kama Thornhill karibu na Gwelo, zapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Anga safi ya nyanda zile ilipendwa kwa kuwa siku za kuruka zilikuwa nyingi. Kanuni za hewa nyepesi hazikuacha kufanya kazi kwa sababu hiyo.

Kusimama nako kuna gharama

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa kuendelea ni hatari, kwa nini rubani asisimame? Kabla ya kila safari ya ndege kubwa huhesabiwa mwendo wa uamuzi. Hitilafu ikitokea chini ya mwendo huo, rubani husimama. Ikitokea juu yake, huendelea. Lakini breki hulazimika kuimeza nishati yote ya mwendo, nayo ni nusu ya tungamo ikizidishwa kwa mraba wa mwendo halisi. Katika alasiri yetu ya Dodoma mraba huo umeongezeka kwa asilimia 20. Breki, matairi na njia vyote vinadaiwa zaidi, ilhali kipima-kasi hakimwambii rubani lolote.

Afrika Mashariki inalo kumbukumbu chungu la upande huu. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege aina ya Super VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilikuwa ikiruka kutoka Addis Ababa, kiwanja kilichoko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma cha jeki kilichokuwa kimeachwa njiani, na tairi likapasuka. Rubani aliamua kusimama. Sehemu ya breki haikufanya kazi kwa sababu ilikuwa imeunganishwa isivyo. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikaanguka chini ya kingo na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa. Kipande cha chuma na breki iliyounganishwa vibaya ni makosa mawili madogo; katika mwendo mdogo na njia ndefu huenda yangeishia kwenye karakana.

Bawa lisilokamilika: Nairobi, 1974

Mfano wa pili uko jirani zaidi. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Boeing 747 ya shirika la Lufthansa iliondoka Nairobi kwenda Johannesburg. Kiwanja cha Nairobi kiko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Ndege hii ina vibawa kwenye ukingo wa mbele wa bawa ambavyo hufunguliwa wakati wa kuruka ili bawa liinue zaidi katika mwendo mdogo. Vibawa hivyo huendeshwa kwa hewa yenye kanieneo kubwa itokayo katika injini, na vali za hewa hiyo zilikuwa zimefungwa. Vibawa havikufunguka, wala mtambo wa kuonya wa wakati ule haukulia kwa kosa la namna hiyo.

Ndege iliacha ardhi, ikatetemeka, ikakataa kupanda, na baada ya muda mfupi ikaanguka kiasi cha kilomita moja hivi kutoka mwisho wa njia, ikagonga tuta la barabara. Kati ya watu 157, walikufa 59. Ilikuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kuua watu. Hitilafu ya aina hiyo ilikuwa imekwisha kuripotiwa kabla ya siku ile bila kuleta maafa, kwa sababu akiba iliyobaki ilitosha kulifidia kosa. Nairobi, hewa ilikuwa imekwisha kuichukua sehemu ya akiba hiyo kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka. Baada ya ajali ndege za aina hiyo ziliwekewa mfumo wa kuonya kwamba vali hazijafunguliwa.

Mambo yaliyobadilika

Mafunzo na kanuni za urukaji za leo zimejengwa juu ya misiba ya namna hii. Mambo manne yastahili kutajwa.

La kwanza ni orodha ya ukaguzi. Chanzo chake mashuhuri ni ajali ya kijeshi ya wakati wa kuruka. Tarehe 30 Oktoba 1935 ndege ya majaribio ya Boeing, Modeli 299, ilianguka katika kiwanja cha Wright Field, Marekani, kwa kuwa kufuli linalozuia usukani usipeperushwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa halikufunguliwa. Marubani walikuwa mabingwa. Kilichowashinda ni wingi wa mambo ya kukumbuka. Tangu hapo orodha iliyoandikwa imekuwa sehemu ya urukaji, jeshini na katika ndege za abiria.

La pili ni hesabu kabla ya safari. Kitabu cha kila ndege kina majedwali ya kimo, joto, uzito, upepo na mteremko wa njia. Rubani halazimiki kukisia.

La tatu ni mahali pa kufanyia zoezi. Hitilafu ya injini wakati wa kuruka sasa huigwa zaidi ardhini, ndani ya mashine zinazoiga ndege, au angani kwenye kimo cha kutosha, na aghalabu injini hupunguzwa nguvu badala ya kuzimwa kabisa. Mwanafunzi hujifunza jambo lile lile huku akiba ikiwapo.

La nne liko mikononi mwa rubani mwenyewe: saa na mzigo. Ndege yetu ya mfano ikiondoka Dodoma alfajiri yenye nyuzi 18, badala ya alasiri, itahitaji mita 870 badala ya 950. Ikiondoka alasiri lakini imepunguziwa kilo 600, itahitaji mita 770 hivi. Kwa rubani wa ndege ndogo anayepeleka daktari au dawa kwenye kiwanja cha udongo huko Singida au Kondoa, tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo umbali uliopo kati ya mwisho wa njia na miti ya mibuyu.

Hitimisho

Wahenga walisema akiba haiozi. Rubani hawezi kuizuia hewa ya nyanda za juu isiwe nyepesi, wala hawezi kulipoza jua la saa nane. Awezalo ni kujua, kabla ya kuachia breki, hewa imekwisha kumtoza kiasi gani, ili asitumie tena kidogo kilichobaki kwa mzigo uliozidi, kwa kukagua nusu nusu, au kwa zoezi linalofanywa mahali pasipo nafasi ya kukosea. Vijana waliokufa katika Meteor hawakukosa ujasiri. Waliwekwa katika mtihani ambao fizikia ilikuwa imekwisha kuutolea jibu.

Maswali ya kujipima

1. Kiwanja cha Tabora kiko mita 1,182 juu ya usawa wa bahari na cha Dar es Salaam mita 55. Eleza kwa nini ndege moja, yenye mzigo ule ule na katika joto lile lile, huhitaji njia ndefu zaidi Tabora.

2. Msongamano wa hewa ukipungua hadi asilimia 80 ya hali sanifu, mwendo halisi unaohitajika kuacha ardhi huzidishwa kwa kiasi gani? (Tumia kipeo cha pili cha mwendo.)

3. Kwa ndege ya mfano ya makala haya, tafuta kani ya chini kabisa ambayo injini moja sharti itoe ili ndege isishuke injini ya pili inapozimika. Je, kani hiyo ni asilimia ngapi ya nguvu ya injini hiyo katika hali sanifu?